Daktari amenishauri nipumzike pombe kwa mwezi mmoja. Nianzie wapi?

SWALI

Ndugu Mshauri, salaam.

Mimi ni mwanamume wa miaka 43, mkazi wa Arusha, nina mke na watoto watatu, na nimeajiriwa katika idara ya uhasibu ya kampuni moja ya usafirishaji. Mwezi uliopita, katika upimaji wa afya unaofanyika kazini kwetu, presha yangu ilisoma 152 kwa 96. Daktari aliniuliza maswali machache kuhusu chumvi, mazoezi na kinywaji, kisha akanishauri nikae mwezi mmoja bila pombe, nirudi anipime upya ndipo aamue kama ananianzishia dawa. Hakuniuliza nakunywa kiasi gani, nami sikukitaja.

Sijioni kuwa mlevi. Sijawahi kukosa kazi kwa sababu ya pombe, ada za watoto zinalipwa kwa wakati, na hakuna mtu aliyewahi kuniokota mtaroni. Nikitoka kazini hupitia grosari iliyo karibu na kituo cha daladala, na mhudumu akiniona tu nashuka, ya kwanza huwa imeshafunguliwa kabla sijavuta kiti. Siku za kazi nakunywa bia nne, zile za mililita 500. Ijumaa na Jumamosi huwa zinazidi na sina kawaida ya kuhesabu. Jumapili asubuhi, kabla ya misa ya pili, napitia supu ya kongoro na bia moja ya kuzimua, nayo hunirudisha sawa. Jumatatu mikono hutetemeka kidogo mpaka saa nne hivi, lakini nikishakunywa chai na kuingia kwenye kazi hali hiyo huisha.

Nilipomweleza mke wangu nia yangu, alicheka kwa uchungu. Kwaresima ya mwaka juzi niliacha pombe, na kwa bahati mbaya siku ya pili tu nikashikwa na malaria: jasho, kutapika, usingizi kukata, na kutetemeka kiasi kwamba kikombe kilinishinda. Zahanati walipima wakasema hawaoni vijidudu, wakanipa dawa za maumivu. Wiki ilipokwisha nikawa mzima, na sikuonja tena mpaka Pasaka. Hapo ndipo nilipoharibu, maana nilikunywa kana kwamba nalipa deni, na mke wangu hakunisemesha kwa siku kadhaa. Sasa anasema mwezi wangu huu utakuwa Kwaresima nyingine.

Nina mambo manne ya kuuliza. Kwanza, je, mwezi mmoja una faida ya kweli mwilini au ni mtindo tu? Pili, mimi ni mweka hazina wa kamati ya harusi ya mdogo wangu, na vikao vyetu vyote hufanyika baa, kila Jumatano. Nitakaaje pale bila kuonekana najitenga? Tatu, rafiki yangu mmoja ananishauri nihamie kwenye mbege kwa mwezi huo, akidai kwamba mbege ni chakula. Nne, nikimaliza mwezi salama, je, si nitakuwa nimethibitisha kwamba sina tatizo? Nakusudia kuanza tarehe mosi ya mwezi ujao, na washikaji wameshaniandalia kikao cha kuniaga siku moja kabla.

Mweka Hazina, Arusha

JIBU

Ndugu yangu Mweka Hazina,

Naomba uniwie radhi kwa kuacha maswali yako manne yasubiri kidogo, kwa sababu katika barua yako kuna mambo mawili uliyoyataja kwa kupita ambayo kwangu ni mazito kuliko yote uliyouliza. La kwanza ni mikono inayotetemeka Jumatatu asubuhi na ile bia ya kuzimua ya Jumapili inayokurudisha sawa. La pili ni ile malaria ya Kwaresima ambayo kipimo hakikuiona.

Mimi sikuwapo, wala siwezi kumpima mtu kwa barua, lakini jasho, kutapika, kukosa usingizi na kutetemeka, vikianza siku moja au mbili baada ya mnywaji wa kila siku kuacha ghafla na vikatulia ndani ya wiki, ndivyo hasa dalili za mwili uliozoea pombe zinavyokuja. Vijana walio katika soba hausi wanaiita hali hiyo arosto, na wengi hudhani ni ya watumiaji wa dawa za kulevya peke yao. Pombe hutuliza ubongo. Ubongo unaotulizwa kila jioni kwa miaka hujifunza kujisukuma zaidi ili ufanye kazi yake hivyo hivyo, na siku pombe inapokatwa ghafla msukumo ule hubaki bila kizuizi, ndipo mikono inapotetemeka, moyo kwenda mbio na jasho kumtoka mtu aliyekaa kivulini.

Kwa wengi mambo huishia hapo. Kwa wachache hayaishii hapo, na hao ndio ninaowahofia kila ninapoona mtu akishauriwa aache tu, bila kuulizwa anakunywa kiasi gani. Kutetemeka huanza kati ya saa sita na saa ishirini na nne tangu kinywaji cha mwisho, degedege la mtu mzima likija huja mara nyingi ndani ya siku mbili za mwanzo, na kuanzia siku ya pili hadi ya nne wapo wanaochanganyikiwa, wakapata homa, wakaona wadudu ukutani au watu wasiokuwapo chumbani. Hali hiyo ya mwisho huua isipotibiwa. Zipo familia ambazo mgonjwa wa namna hiyo hupelekwa kwanza kutolewa uchawi, na saa za kumwokoa zikapotelea njiani. Tena, mtu aliyekwisha kupita katika hali hiyo mara moja ana uwezekano wa kuipata kwa ukali zaidi safari nyingine, kwa hiyo kumbukumbu kwamba mwaka juzi ulipona mwenyewe isikupe ujasiri.

Kwa hiyo tarehe mosi isiwe siku ya kuacha mpaka uwe umerudi kwa daktari yule yule na kumweleza yote uliyonieleza mimi. Hesabu itamsaidia. Chupa moja ya mililita 500 yenye kileo cha asilimia 5 ina takriban gramu 20 za kileo halisi, na Shirika la Afya Duniani huhesabu gramu 60 kwa mkao mmoja kuwa unywaji mzito. Chupa tatu zimeshafika hapo, nawe katika jioni ya kawaida ya Jumanne unapita. Ini hushughulikia takriban gramu 10 kwa saa, maana yake chupa nne zinahitaji karibu saa nane, na ukizimaliza saa tatu usiku, sehemu kubwa ya usiku mwili wako ungali kazini.

Daktari akiona kuna hatari anaweza kukupa dawa ya kutuliza kwa siku chache, kwa kiwango kinachopunguzwa, pamoja na vitamini B1, au akapendekeza siku za mwanzo uzipitishie wodini. Hizo dawa za kutuliza usizinunue mwenyewe duka la dawa, hata kama muuzaji ni jirani, kwa sababu zikichanganywa na pombe zinaweza kudhoofisha pumzi mtu akiwa usingizini. Kabla ya kumwona, usikate ghafla. Punguza kidogo kidogo kwa siku kadhaa, na ukiona kutetemeka kunazidi, simama pale ulipofika na uwahishe miadi. Ukishauriwa kwamba unaweza kuacha ukiwa nyumbani, siku nne za mwanzo usilale peke yako, na mke wako ajue kwamba degedege, kuchanganyikiwa, homa kali au kuona visivyokuwapo ni safari ya hospitali saa hiyo hiyo, iwe usiku au mchana.

Hicho kikao cha kukuaga, tafadhali, kifutwe. Nafahamu kwamba kwetu hata Ramadhani hutanguliwa na kuvunja jungu, na Jumatano ya Majivu hutanguliwa na Jumanne ndefu, lakini kadiri usiku wa mwisho unavyokuwa mzito ndivyo asubuhi mbili zinazofuata zinavyokuwa ngumu, nasi tayari tuna sababu ya kuziogopa asubuhi hizo.

Sasa niyaendee maswali yako. Faida ya mwezi mmoja ni ya kweli. Waingereza walianzisha kampeni ya kukaa Januari nzima bila pombe mwaka 2013, na kwa kuwa watu wengi hushiriki, watafiti wamepata nafasi ya kupima kinachotokea. Madaktari wa Royal Free Hospital ya London walichapisha mwaka 2018 matokeo ya wanywaji wa kiasi cha kati na kikubwa walioacha kwa mwezi: uzito ulipungua, presha ilishuka, na usugu wa mwili dhidi ya insulini, ambao ni njia ya kuelekea kisukari, ulipungua kwa takriban robo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex nao waliwauliza washiriki wa kampeni hiyo miezi kadhaa baadaye, wakakuta kwamba mwezi Agosti siku walizokuwa wakinywa kwa wiki zilikuwa bado pungufu kuliko zamani. Lakini utafiti wa Royal Free haukuwahusisha watu ambao miili yao ilikuwa tegemezi kwa pombe, ndiyo sababu nimekutaka uanzie kwa daktari.

Kwa upande wa presha yako, ushauri uliopewa ni sahihi. Kwa mtu anayekunywa kiasi chako, pombe peke yake inaweza kuwa sehemu kubwa ya zile namba 152 kwa 96, na wiki chache bila kileo zitaonyesha kama ni hivyo. Ila usijipime siku za mwanzo ukakata tamaa, kwa sababu katika zile siku za arosto presha huweza hata kupanda. Usingizi nao utakusumbua. Pombe humlaza mtu haraka, kisha humwamsha saa tisa usiku akiwa na kiu na mawazo, na ubongo uliozoea mpango huo huchukua wiki moja au mbili, wakati mwingine zaidi, kujifunza kulala wenyewe. Wengi huanguka hapo, si kwa tamaa ya bia, bali kwa hamu ya kulala. Ukilijua hilo mapema, usiku wa tano utaupita bila kudhani kwamba umeharibika.

Jambo jingine dogo ni soda. Wengi wanaopumzika pombe huhamia kwenye soda tatu au nne kwa mkao, na soda moja ya mililita 350 inaweza kuwa na sukari ya vijiko vya chai vinane au zaidi. Maji, chai ya tangawizi isiyokolezwa sukari, au kinywaji cha shayiri kisicho na kileo kama hakikuamshii hamu, vitakufaa zaidi.

Mbege sitaijadili kwa kirefu. Ndizi na ulezi ni chakula, lakini mbege ina kileo, na mwili hautofautishi kileo kilichotoka kiwandani na kilichotoka Marangu. Rafiki yako anakutakia mema na anakuharibia mwezi.

Kuhusu kamati ya harusi, una bahati ambayo huenda hujaitambua. Mweka hazina ndiye mtu ambaye kikao hakiwezi kuanza bila yeye, na akimaliza kusoma michango anaweza kuondoka bila mtu kuuliza maswali mengi. Pendekeza taarifa ya fedha iwe ajenda ya kwanza, fika kwa wakati, soma daftari lako, jibu maswali, aga. Kinachowanywesha wajumbe ni ile saa inayofuata baada ya ajenda, pale mhudumu anapoambiwa aizungukie meza nzima. Kama katibu ni mtu wa kuelewa, mwombe vikao viwili vya mwanzo vifanyike ukumbi wa parokia au sebuleni kwa mmoja wenu. Nimeona kamati zilizofanya hivyo zikapata hata salio la kununulia zawadi, kwa kuwa fedha za bia za kikao huwa haziandikwi popote.

Watakaokusukumia chupa utawajibuje? Kwetu hakuna kauli inayoheshimiwa mezani kama "nipo kwenye dozi." Hata mlevi wa kupindukia akiisikia atakusogezea maji. Itumie kwa watu wa kupita, maana hawana haki ya kujua habari za presha yako. Lakini kwa wale wawili watatu unaokaa nao kila jioni siipendekezi, kwa sababu dozi huisha, na siku ya nane wataanza kuuliza kama umemaliza. Waambie ukweli wote kwa sentensi moja: presha imepanda, daktari amesema mwezi, nami nataka kuona. Atakayekucheka baada ya hapo umemjua.

Aliye muhimu kuliko wote ni mhudumu wa grosari. Wewe mwenyewe umeandika kwamba chupa hufunguliwa kabla hujavuta kiti, yaani uamuzi wa kunywa huwa umeshafanyika wakati wewe ungali unashuka kwenye daladala. Mpigie simu, au mpitie mchana akiwa hana wateja, umwombe asikufungulie kitu kwa mwezi huu. Kisha, kwa wiki mbili za mwanzo, shuka kituo kinachofuata urudi nyumbani kwa miguu. Kati ya saa kumi na moja jioni na chakula cha usiku pana nafasi ambayo bia imekuwa ikiijaza kwa miaka, na usipoipangia shughuli nyingine itakurudisha kwenye kile kiti. Kwa mtu wa hesabu kama wewe, kukaa na mtoto mmoja na daftari lake la hisabati si adhabu.

Mke wako ana haki ya kucheka. Usimwombe akuamini, wala usimfanye askari wa kukunusa mdomo kila jioni, maana kazi hiyo humchosha mtu na humgeuza mshtakiwa yule aliye nyumbani mwake. Mwombe mambo mawili tu: akusindikize kwa daktari, na azijue zile dalili za hatari nilizozitaja. Imani, kama itakuja, itakuja baada ya Pasaka nyingine.

Hilo linanifikisha kwenye swali lako la nne, na hapa sitakubaliana nawe. Mwezi mmoja hauthibitishi kwamba huna tatizo. Kwaresima ya mwaka juzi ulikamilisha siku zote, na bado ulirudi ukanywa kama mtu anayelipa deni, kwa maneno yako mwenyewe. Kuhesabu siku mpaka ziishe ni jambo ambalo hata mtu aliyekwisha kutawaliwa na pombe anaweza kulifanya akijua kwamba mwisho wake umepangwa. Mimi ningekutaka utazame mambo mengine katika mwezi huo: ni siku gani hamu ilikuwa kali, ilikukuta ukiwa na nani, ulikuwa na hasira au uchovu au furaha, na je, ulikuwa ukiisubiri tarehe thelathini kuliko ulivyokuwa ukiusubiri mshahara? Andika mstari mmoja kila usiku. Hayo ndiyo yatakayokuambia pombe ilikuwa inakufanyia kazi gani, na bila kulijua hilo utairudia kazi ile ile kwa chupa zile zile.

Ukifika mwisho wa mwezi, usiamue siku hiyo hiyo. Rudi upimwe presha na ini kwanza. Na kama utaamua kunywa tena, jua kwamba mwili uliopumzika hulewa upesi: chupa nne za zamani zitakupiga kama saba, jambo ambalo limewaangusha watu kwenye pikipiki na kwenye ngazi siku za Pasaka na Idi. Ukiniuliza mimi, mtu mwenye historia yako ya kutetemeka mara chache huweza kurudi kwenye bia mbili na kubaki hapo, kwa hiyo ningekushauri uongeze mwezi wa pili na wa tatu kabla ya kulifikiria tena. Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilitamka wazi kwamba hakuna kiwango cha pombe ambacho ni salama kwa afya, na tangu mwaka 1988 wakala wake wa utafiti wa saratani umeiorodhesha pombe kati ya visababishi vya saratani. Kwa hiyo hakuna kitu ambacho mwili wako utakuwa umekikosa.

Na kama mwezi utakushinda, au daktari akasema unahitaji zaidi ya mapumziko, hiyo itakuwa taarifa ya afya kama ile ya presha, na haina aibu zaidi ya hiyo. Hospitali nyingi za rufaa za mikoa zina kliniki za afya ya akili zinazohudumia wenye utegemezi wa pombe, Muhimbili na Mirembe zinajulikana kwa huduma hiyo, na wasomaji wetu walio Kenya wanaweza kupiga bila malipo namba 1192 ya NACADA, mamlaka ya nchi hiyo ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya.

Wiki hii, kabla ya jambo lolote, chukua karatasi uandike idadi ya chupa kwa kila siku ya wiki, Ijumaa na Jumamosi zikiwamo, saa unayomaliza ya mwisho, ile bia ya Jumapili asubuhi, mikono ya Jumatatu, na ile homa ya mwaka juzi pamoja na majibu ya zahanati. Mpe daktari karatasi hiyo kabla hajaanza kukuuliza kuhusu chumvi.